Mafuta Yasiyo na Ladha

Baba yangu aliujua mti kwa ulimi. Alikuwa mchongaji, mtu wa Ukambani aliyekuja Nairobi na patasi zake ndani ya gunia, na kila alipoletewa gogo alichukua unga wa msumeno kwa ncha ya kidole, akauweka ulimini, akafumba macho. Kisha alitoa hukumu. Huu ulikatwa wakati wa mvua. Huu umelala majini. Huu si muhugu, mnanidanganya, rudini nao. Wachongaji wenzake waliotutembelea Jumapili walifanya vivyo hivyo, na waliweza kubishana nusu saa nzima juu ya ladha ya mti mmoja huku chai ikipoa. Mimi niliona ni ushamba mtupu.

Nasema hivyo kwa aibu, lakini ndivyo nilivyokuwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina cheti cha ufundi wa maabara, na nilikuwa nimepata kazi katika kampuni ndogo ya kuchanganya oili za magari kule Industrial Area. Kila asubuhi nilitoka Kaloleni, nikavuka Barabara ya Jogoo, nikafuata kijia cha kando ya reli pamoja na watu waliokuwa wakienda kusimama kwenye mageti ya viwanda wakitafuta kibarua. Wao walibaki getini. Mimi niliingia, nikavaa koti jeupe, na kichwa kikanivimba kweli kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima. Nilipima uzito wa oili, wepesi wake wa kutiririka, na joto linaloiwasha. Mkubwa wangu alikuwa mkemia, mama mmoja mkavu wa maneno tuliyemwita Madam, ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi. Hakupenda kabisa neno “safi”. Ukimwambia oili hii ni safi, alikutazama juu ya miwani na kuuliza, “Safi kwa nani?” Nilidhani ni maudhi ya umri.

Kisha mwezi wa Juni yakaletwa mapipa mawili ya mafuta ambayo hatukuwa tumewahi kuona mfano wake. Nilipofungua pipa la kwanza nilifikiri tumeletewa maji. Hayakuwa na rangi hata kidogo, na nilipoinamisha pua sikupata harufu yoyote. Nilinusa tena, na tena. Mtu aliyezoea kurudi nyumbani akinuka petroli mpaka kwenye nywele hapati urahisi wa kuamini kwamba mafuta yanaweza kukosa harufu.

Muuzaji aliyeyaleta, bwana mmoja mwenye tai na maneno mengi, alisema mafuta hayo hayakutokana na yale meusi yanayochimbwa. Yalitengenezwa kwa gesi. Alidondosha matone mawili kiganjani akajipaka mikono yote miwili, akaing'arisha.

“Hii haina sumu, Madam,” alisema. “Hata ukiweka kwa maji, samaki anaendelea na shughuli zake.”

Alipoondoka nilimuuliza Madam gesi inawezaje kuwa oili. Kwa kawaida alinijibu kwa neno moja, lakini siku hiyo nadhani hata yeye alikuwa na hamu ya kuzungumza. Alivuta karatasi akanichorea. Gesi asilia ni vipande vidogo mno, alisema. Unaivunja kwa moto na oksijeni, halafu vipande vile unavipitisha juu ya unga wa madini, navyo vinashikana kimoja baada ya kingine mpaka unapata minyororo mirefu, yaani nta nyeupe ya kama mshumaa. Nta hiyo ndiyo hukatwakatwa ikawa mafuta ya taa, au dizeli, au oili. Kwa kuwa kila kitu kimejengwa upya, salfa haimo, wala zile chembe za umbo la pete zinazonuka na kuleta saratani. Ile karatasi niliikunja nikaitia mfukoni, na kwa siku kadhaa niliitoa njiani nikaitazama tena. Nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha siri ndani ya nyumba anayoishi.

Mapipa yalikuja na karatasi nyingine, ya vipimo. Walikuwa wamejaribu mafuta yale kwa samaki, kwa viroboto wa maji, kwa mimea midogo ya majini, na kwa panya. Wote walitoka salama. Niliisoma kwa sauti, nikifurahi. Madam aliweka kidole chini ya orodha ile.

“Hawa ndio walioulizwa,” alisema. “Wengine bado.”

Niliomba mabaki ya sampuli, akaniruhusu, nikajaza chupa moja ya soda na kuibeba nyumbani. Nilikuwa na sababu. Nyuma ya nyumba yetu, chini ya kibanda cha mabati, baba alikuwa na nusu pipa la oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwa injini za magari. Humo alilowesha vinyago vya mti wa bei rahisi ili viwe vyeusi na visiliwe na wadudu. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa oili ile, na kucha zake hazikuwahi kutakata, hata siku ya kwenda kanisani. Nilikuwa nimemsema mara nyingi. Yeye aliendelea kupiga patasi.

“Baba, hii hapa,” nilimwambia. “Imetoka kwa gesi. Haina sumu yoyote.”

Aliichukua chupa, akaielekeza kwenye mwanga, akatikisa. Halafu, kabla sijamzuia, akatia kidole, akalamba.

“Baba!”

“Si umesema haina sumu?”

Alifumba macho kama kawaida yake. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa na mti wowote. Ulimi wake ulizunguka mdomoni ukitafuta.

“Haina ladha, mama,” alisema mwishowe. Aliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. “Haina kabisa. Hata maji ya mfereji yana ladha. Hii kitu siijui.”

“Si lazima uijue kwa ulimi. Imepimwa.”

“Sawa. Lakini haitafanya mti kuwa mweusi.” Akaiweka dirishani, akarudi kwenye kazi yake.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu, upande wa juu wa mteremko, aliishi mama mmoja mzee kutoka magharibi, mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Kukhu alifuga bata. Kulikuwa na mfereji wa pamoja uliovuja tangu nikiwa mtoto, na maji yake yalikusanyika mbele ya nyumba yake yakawa kidimbwi, kisha yakateremka kwa mtaro kupita nyuma yetu hadi mtoni. Bata wake sita walikuwa wakiogelea pale asubuhi na jioni. Marehemu mume wake ndiye aliyeleta mayai ya kwanza kutoka nyumbani, miaka mingi nyuma, ameyazika katika kikapu cha majivu, akakipakata mapajani usiku kucha ndani ya basi. Kukhu hakuwahi kuleta damu nyingine. Wote sita walikuwa uzao wa kile kikapu, na alipowaita aliwaita kwa maneno ambayo mumewe alikuwa akiyatumia.

Jumamosi moja ya Julai, ile Julai ya Nairobi ambayo jua linasahau kazi yake, Kukhu aliteremka kwetu na kikopo mkononi. Bata wake walikuwa wameingiliwa na utitiri. Dawa yake aliijua, na kila mfugaji mtaani aliijua: unapaka oili chafu kidogo chini ya mabawa, utitiri unakufa. Alikuwa akichota kwa baba tangu zamani.

Nilisimama katikati ya njia. Najiona mpaka leo, nimeshika kiuno.

“Kukhu, hiyo oili ni sumu,” nilisema. “Inapita kwa ngozi. Ngoja nikupe kitu safi.”

Nilimtolea ile chupa dirishani. Aliinusa akacheka.

“Hii ni maji, binti.”

“Ni oili. Imetengenezwa kwa gesi, haina sumu kabisa. Unaweza kuwaogesha nayo mwili mzima, hawatadhurika.”

Hayo maneno, mwili mzima, yalikuwa yangu. Oili chafu ilikuwa na adabu yake: kwa kuwa ilinuka na kuchafua, watu walitumia tone tu. Hii yangu haikumtisha mtu. Nilipanda naye hadi kwake, tukakunja mikono ya sweta, na tukawashika bata mmoja mmoja tukawasugua kutoka shingoni hadi mkiani, mpaka chupa ikaisha. Watano tuliwaogesha. Wa sita, jike kongwe, alikuwa akiatamia mayai tisa ndani ya karai nyuma ya mlango, na tulipomkaribia alifoka akamuuma Kukhu kidole. Tukamwacha. Bata wale watano waling'aa hata wapita njia walisimama kuwatazama. Kukhu alinibariki kwa kilugha chao, akaniambia kusoma ni kuzuri.

Kesho yake tulitoka kanisani tukakuta watu wamejaa kando ya kidimbwi. Bata wawili walikuwa wamekufa, wanaelea ubavu. Watatu walikuwa wamejikokota hadi ukingoni, wanatetemeka, manyoya yamewaganda mwilini kama nguo ya mtu aliyenyeshewa. Bata kulowa! Sikuwahi kuona. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua.

Kila mtu mtaani kwetu aliijua ile rangi. Macho yote yakageuka kuteremka mteremko, kuelekea nyumbani kwetu, kwenye nusu pipa la baba. Wiki ile pipa lilikuwa limevuja kidogo, na chini yake doa jeusi lilikuwa limejichora mpaka kwenye mtaro.

“Ni hiyo oili ya mzee,” mtu mmoja alisema. “Mimi nilisema hii kitu itaua mtu siku moja.”

“Mzee, umeona sasa?” mwingine alidakia. “Umemmalizia Kukhu bata.”

Baba alisogea ukingoni, akachutama. Akamwinua bata mmoja aliyekufa, akapitisha manyoya yake kati ya vidole, kisha akaweka mkono mdomoni kama mtu aliyeshtuka. Alibaki hivyo kitambo. Kukhu alikuwa amesimama tu, Biblia kwapani.

Nami nilisema. Nilisema mbele ya watu wote, kwa sauti ya yule mwenye koti jeupe. “Baba, mara ngapi nimekuambia hiyo oili ni sumu? Mara ngapi?”

Aliniangalia. Halafu akasimama, akamgeukia Kukhu, akasema, “Nisamehe, mama.” Ni hayo tu. Jumatatu nilipokuwa kazini alitafuta mkokoteni akalipeleka pipa Gikomba kwa wachongaji wenzake. Nilipofika nyumbani jioni kibanda kilikuwa kimefagiliwa, na vinyago vilikuwa vimepangwa ukutani vikiwa na rangi yao ya mti, vimepauka. Nilijisikia nimeshinda.

Kukhu aliwaweka wale watatu ndani ya katoni kando ya jiko. Kila jioni nilipita kuwajulia hali. Aliwafunga kwa vitambaa, akawalisha ugali kwa kidole. Jumanne wawili walikufa. Alhamisi akafa wa mwisho, dume, aliyekuwa akinikimbiza mtaani kila siku tangu aanguliwe. Nililia, na sikujali nani ananiona.

“Bado yuko huyu,” Kukhu alisema, akionyesha karai nyuma ya mlango. Jike kongwe alikuwa ametulia juu ya mayai yake. “Yakianguliwa, nitaanza upya. Yasipoanguliwa, basi, imekwisha. Mzee wangu atakuwa amekwisha mara ya pili.”

Nisingefikiria zaidi, nadhani, kama si ule utando wa upinde wa mvua. Ulinikaa machoni. Jioni ile nikitoka kwa Kukhu nilisimama kando ya kidimbwi, na kwa mara ya kwanza nikautazama mteremko kama mtu mwenye akili timamu. Maji yanatoka mferejini, yanaingia kidimbwini, kisha yanashuka kwetu. Doa la baba liliingia mtaroni nyuma ya nyumba yetu, nyumba tatu chini ya bata. Oili yake ingewezaje kupanda mlima? Watu zaidi ya ishirini tulisimama pale Jumapili, wote tumezaliwa au kuzeekea katika mteremko ule, na hakuna aliyejiuliza. Tuliona rangi, tukakumbuka oili nyeusi.

Niliogopa, lakini sitaficha kwamba ndani ya hofu ile kulikuwa na hamu pia, ile hamu ya kutaka kujua hata kama jibu litakuumiza. Ijumaa nilikwenda kazini na chupa mbili za jamu zenye maji ya kidimbwi na viluwiluwi vya mbu, na unyoya mmoja niliouokota uani kwa Kukhu, wa yule jike tusiyemwogesha. Madam aliona, akainua nyusi, akaniachia pembe ya meza.

Katika chupa moja nilidondosha yale mafuta maangavu, matone matatu. Nyingine niliiacha. Rangi za upinde wa mvua zilitandaa juu ya maji mara moja, nzuri kabisa, bila tone la weusi. Kufika saa nne viluwiluwi vya chupa ya mafuta vilikuwa vinapanda, vinagonga utando, vinashuka, vinapanda tena. Saa sita vilikuwa chini vimelala. Vya chupa nyingine vilikuwa vinacheza.

“Si haina sumu?” nilimuuliza Madam.

“Haina. Hawakula sumu. Wamekosa pumzi; wao huvuta hewa juu ya maji, na mlango wao umezibwa.” Alisema vijidudu vya udongoni huyala mafuta yale upesi kuliko oili ya kawaida, na hilo ni jambo jema, lakini navyo hutumia hewa ya maji vikila. “Huo unyoya ni wa nini?”

Nikamwonyesha. Nilidondosha maji juu ya unyoya, tone likaviringika likaanguka, unyoya ukabaki mkavu. Kisha nikaupaka mafuta kidogo kwa kidole, nikaupangusa mpaka ukaonekana hauna kitu. Nikadondosha maji tena. Tone lilikaa kidogo, likatulia, kisha likazama ndani ya unyoya kama linavyozama kwenye kitambaa.

Madam aliinama akatazama kwa karibu. Alielewa kabla sijamwambia lolote, nadhani, kwa maana sauti yake ililainika. Alisema bata ana mafuta yake mwenyewe, na vijinyuzi vya manyoya yake vimeshikana hivi, akanionyesha kwa vidole vyake vilivyofumana. Mafuta mageni, yawe machafu, yawe ya kupikia, yawe yametengenezwa kwa gesi, huvifumua. Baridi inaingia. Bata anakufa kwa kulowa.

“Kwenye ile karatasi,” alisema, “nani alimuuliza bata?”

Sikula chakula cha mchana. Nilikaa nimeushika ule unyoya, nikihesabu: mimi ndiye niliyeleta chupa, mimi ndiye niliyesema mwili mzima, na mimi ndiye niliyempigia baba kelele mbele ya watu. Nilifikiria pia kunyamaza. Bata walikuwa wameshakufa, pipa limeshaondoka, na lile pipa lilikuwa baya vilevile. Nani angedhurika nikinyamaza? Nilikuwa karibu kujikubalia nilipofika nyumbani jioni na kumkuta Kukhu amekaa kwenye stuli kibandani pa baba, kikopo mkononi.

“Nimekungoja, binti,” alisema. “Huyu jike amejaa utitiri mpaka kwa mayai. Nipe ile mafuta yako safi. Nitamshika na gunia, leo hataniuma. Nitapaka yeye, na mayai pia nipanguse.”

Baba aliacha kuchonga.

Akilini nilimwona yule jike amelowa juu ya mayai tisa. Niliyaona mayai yenyewe yakipanguswa moja moja kwa upendo, kila kitundu cha ganda kikizibwa, na ndani yake kitu kinagonga utando, kinashuka, kinapanda tena.

“Kukhu, usipake,” nilisema. “Ni mimi niliyewaua.”

Nilimweleza yote. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi la mti nikamweleza mteremko, nikamweleza viluwiluwi, nikatoa ule unyoya mfukoni na kumwonyesha kwa maji ya kikombe. Alidondosha maji mwenyewe mara mbili, upande mkavu na upande niliopaka, akatazama. Nilikuwa nikingoja anipige. Ningefurahi angenipiga.

“Hii mafuta,” alisema mwishowe, “haina sumu?”

“Haina, Kukhu.”

“Na bata wangu wamekufa.”

“Wamekufa.”

“Basi hilo neno lenu ni dogo sana.” Alisimama kwa shida, akanipa mkono niinuke. “Nitatumia majivu. Mzee wangu alikuwa anatumia majivu. Hii oili yenu yote, nyeusi na nyeupe, kaeni nayo.”

Kisha akamgeukia baba, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu mzima anavyomwomba radhi mtu mzima mwenzake. “Nilikudhania wewe. Siku zote hizi nilikudhania wewe.”

“Haidhuru, mama,” baba alisema. “Nilijua.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Kukhu alikuwa ameshaanza kupanda mteremko na kikopo chake. Nilibaki nimesimama mbele ya baba.

“Ulijua nini?”

“Kwamba si oili yangu.” Alipuliza vumbi kwenye kinyago alichoshika. Kilikuwa kichwa cha twiga, cheupe, hakijaiva. “Jumapili. Yule bata nililamba unyoya wake. Oili yangu ni chungu, ina moshi, ingenikaa mdomoni mpaka jioni. Ule unyoya ulikuwa na mafuta tele na hauna ladha. Kitu cha namna hiyo nimekutana nacho mara moja tu maishani.”

Mkono mdomoni. Nilikuwa nimeuona kwa macho yangu, nikadhani ni mshtuko.

“Na ukaomba msamaha? Ukapeleka pipa? Baba, mbona hukuniambia?”

Alinitazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alionekana kama ananiuliza kwa dhati, kwamba huenda mimi, mwenye cheti, nina jibu ambalo yeye halijui.

“Mama,” alisema, “ungeniamini?”

Mayai saba yalianguliwa mwezi wa nane. Pipa halikurudi, baba akaanza kutumia nta na rangi ya viatu, na mikono yake ikapona polepole. Swali lake sikuwahi kulijibu, wala yeye hakuliuliza tena. Lakini mara ya kwanza baada ya jioni ile alipoletewa gogo na kuchukua unga wa msumeno kwa kidole, nilisogea karibu nikamwomba anigawie, nikauweka ulimini, nikafumba macho.